Mbona Sikio Ndilo Limetoka?

Nilikuwa na picha 40 za sendofu ndani ya bahasha ya kaki, na mama wa binti aliyefanyiwa sendofu ile alikuwa mteja wa aina ninayoiogopa kuliko wote: fundi cherehani. Watu wengine wakipokea picha wanaangalia kama wametokea vizuri. Fundi cherehani anaangalia mshono.

Alizipokea palepale kibandani kwake, soko la Majengo, akasukuma pembeni kitambaa alichokuwa anakikata, akaipeleka ya kwanza kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa yake mwenyewe. Amegeuka kidogo, anacheka, khanga ameitupia juu ya gauni kwa sababu usiku wa Juni hapa Dodoma si mchezo. Nilimpiga kutoka mita moja na nusu hivi, lenzi ya milimita 50, tundu la kupitisha mwanga limefunguliwa mpaka mwisho, f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kwenye skrini ya nyuma ya kamera niliipenda mno. Kwenye karatasi, aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Mwanangu, mbona sikio ndilo limetoka?"

Nikasogea. Hereni ilikuwa kali kiasi cha kuhesabu shanga zake. Vinyweleo vya karibu na sikio, vilevile. Macho sasa, utadhani yanachungulia nyuma ya mfuko wa nailoni.

Nikaanza kujitetea. Taa za ukumbi mama, zile za zambarau, halafu watu wanapitapita. Hakunisikiliza. Alizitandaza picha zote kwenye meza ya kukatia kama vipande vya gauni, akawa anazigusa moja moja. Hii kali bega. Hii kali ua la mapambo. Hii yeye ukungu, wifi yake aliyesimama nyuma ndiye kali. "Zote zimekwenda nyuma," akasema. "Hakuna hata moja iliyokuja mbele."

Halafu akasema jambo ambalo hakuna mpiga picha aliyeniambia kwa miezi minne niliyokuwa nahangaika. "Cherehani ikiruka nyuzi ovyo, mara huku mara kule, natafuta: uzi mbovu, sindano butu, mkono wangu mwenyewe. Ikienda kombo upande uleule mshono mzima, sihangaiki na uzi. Kuna kitu hakijakaa mahali pake."

Salio langu akaliacha kwenye droo. Nitalikuta hapo, akasema, nikirudi na picha yenye macho.

Miezi ile minne nilikuwa nimeitibu kamera kama mgonjwa wa mtaa mzima, kila apitaye ana dawa yake. Mmoja aliniambia nisugue vile vishaba vya kuunganisha lenzi na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa ufutio wa penseli, nikasugua, na chembe za ufutio zikaingia palepale nilipokuwa nakimbiza vumbi. (Vishaba hivyo vinafutwa kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, basi.) Mwingine akanishauri nikapulizie kwa upepo wa gereji, ule wa kujazia matairi. Namshukuru Mungu foleni ya bajaji ilikuwa ndefu siku hiyo nikakata tamaa. Nilirudisha mipangilio yote ya kiwandani mara tatu. Nilivua filta. Niliivisha tena.

Jioni ile nilifanya alichofanya yule mama mezani kwake. Nilifungua picha za miezi minne kwenye kompyuta, nikazigawa mafungu mawili: zilizokosea ovyo, na zilizokwenda nyuma. Nilitegemea fungu la kwanza liwe dogo. Lilikuwa karibu nusu. Na kadiri nilivyozitazama picha za fungu hilo, ndivyo nilivyozidi kujiona mimi mwenyewe ndani yake.

Kwanza zilikuwepo ambazo hazikuwa na tatizo la fokasi, yaani pale lenzi inapouweka ukali, hata kidogo. Namna ya kuzijua ni rahisi na natamani ningefundishwa siku ya kwanza: tafuta kitu chochote kilicho kali ndani ya picha, hata jani, hata kiti cha plastiki. Ukikipata, mbele au nyuma ya uliyemlenga, fokasi imekosa shabaha. Usipokipata popote, na vimulimuli vya taa vimevutika vikawa vijistari, hapo ni mkono au mtu ametembea. Nilikuwa napiga kwa 1/40 ya sekunde ukumbini halafu naitukana lenzi. Siku hizi kwa watu wanaocheza sishuki chini ya 1/250, afadhali picha iwe na chenga za giza.

Halafu kulikuwa na zile za ngoma. Upande wa Chamwino nilialikwa kupiga picha sherehe moja, na jua lilipoanza kulala akina mama wakatoa muheme. Kama hujawahi kuuona: wanawake wa Kigogo wamebana ngoma katikati ya mapaja, mikono haionekani kwa kasi, miguu inachimba ardhi, na vumbi linapanda mpaka viunoni huku jua likilipiga kwa nyuma. Ni picha ambayo kila mpiga picha wa Dodoma anaiwinda, na kila kamera inaichukia. Nilipiga zaidi ya 200. Karibu zote zilikuwa na ngozi ya ngoma kali au vidole vikali, nyuso ukungu, na nyingine hazikuwa na kitu kali isipokuwa vumbi lenyewe likielea kama unga.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiachia kamera ichague yenyewe doti ya kulenga, na kamera ikiachiwa hivyo huwa inapenda kilicho karibu na chenye mistari iliyokolea. Haijui kwamba wewe umekuja kwa ajili ya uso. Ngoma ipo mbele ya uso, ina ukingo mzuri, ina kamba. Kwa nini isiichague? Dawa yake ni kuchagua doti moja kwa mkono na kuiweka juu ya jicho, na kwa watu wanaosogea kutumia ile fokasi inayofuata, ambayo kwenye Canon imeandikwa AI Servo na kwenye Nikon na Sony AF-C. Ile nyingine ya kufunga, ukishabonyeza nusu imeganda. Mama akisogea mbele hatua moja kwa mpigo wa ngoma, wewe umebaki na fokasi ya alipokuwa.

Hapo kuna ugonjwa mwingine wa doti nitautaja harakaharaka kwa sababu ulinila picha nyingi za kipaimara: kulenga jicho kwa doti ya katikati, kufunga, halafu kuizungusha kamera ili upange picha vizuri. Kwa f/8 hutajua tofauti. Kwa f/1.8 na mtu aliye karibu, ule mzunguko wenyewe unalihamisha eneo kali.

Kolo nilikwenda kwa starehe zangu. Ile michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, nilikuwa sijawahi kuiona japo nimeishi mkoa huuhuu maisha yangu yote, aibu yangu. Nikapanda, jasho, nikasimama mbele ya vile viumbe vyekundu vyembamba, nikabonyeza nusu, na lenzi ikaanza kwenda mbele, kurudi nyuma, mbele, nyuma, kama mtu aliyepoteza funguo. Haikushika. Nikadhani imekufa kabisa.

Otofokasi, yaani kamera inapoitafuta fokasi yenyewe, haioni michoro. Inaona tofauti: mahali ambapo cheusi kinakutana na cheupe, ukingo, mstari. Rangi nyekundu iliyofifia kwa miaka isiyohesabika juu ya mwamba wenye wekundu wake, kivulini, kwa macho ya kamera ni ukuta mtupu. Sentimita chache pembeni ulikuwepo ufa mweusi kwenye mwamba uleule, umbali uleule. Nikalenga ufa, nikafunga, nikarudi kwenye mchoro. Ikashika mara ya kwanza. Na kama kamera yako ni ya zamani kidogo, jaribu pia kuigeuza wima: doti za pembeni kwenye kamera nyingi za aina hiyo zinasoma mistari ya upande mmoja tu, na ni ile ya katikati ndiyo unayoweza kuitegemea kusoma ya kulala na ya kusimama. Suti nyeusi ya bwana harusi, ukuta mweupe wa kanisa, shela la hariri, vyote hivi ni Kolo ndogondogo. Tafuta ufa. Kwenye suti ni ukingo wa kola, kwenye shela ni mshono.

Fungu hilohilo lilikuwa na picha za treni. Treni za umeme za SGR zilipoanza safari za Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024, kila mwenye kamera mjini alitaka yake. Mimi nilijitega upande wa Ihumwa, saa 8 mchana, lenzi ndefu niliyoazima, treni inakuja kwa mbali. Picha zote zilitoka kama zimechorwa kwa rangi ya maji. Nikasema, haya, na lenzi ya watu nayo mbovu.

Ukisimama kwenye tambarare ya Dodoma saa hiyo na kutazama chini kando ya reli, utaona hewa inacheza. Ardhi imechemka, hewa ya juu yake inapanda kwa mawimbi, na kila wimbi linaupinda mwanga kidogo. Ni mazigazi, yale yanayokuonyesha maji barabarani. Otofokasi inajaribu kushika kitu ambacho ukingo wake unahamahama, na hata ikishika, mwanga umeshavurugika kabla haujafika kwenye lenzi. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa hapo. Nilirudi saa 1 asubuhi siku nyingine, nikasogea karibu zaidi kwa umbali unaoruhusiwa, na lenzi ileile ikanipa mpaka vumbi kwenye kioo cha dereva.

Basi fungu la ovyo likaisha hivyo. Lilibaki fungu la mama.

Kamera yangu, ambayo jina lake nitalihifadhi kwa sababu kosa halikuwa la walioitengeneza, ni ya kioo. Unapochungulia kwenye kidirisha, mwanga ulioingia kwa lenzi unagonga kioo kilichoinama na kupanda juu mpaka kwenye jicho lako. Ila kioo hicho hakirudishi mwanga wote. Katikati kinapitisha kiasi, na nyuma yake kimejificha kioo kingine kidogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kinachoutupa mwanga huo chini, sakafuni mwa kamera. Huko ndiko iliko sensa ya fokasi. (Sensa ya mwanga, siyo ile iliyotuhesabu Agosti 2022.) Inapokea mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na mwanga uliopita upande wa pili, inaviweka vipicha viwili sambamba na kupima vimeachana kiasi gani. Kwa kipimo hicho inajua fokasi imekosea kwenda mbele au nyuma, na kwa kiasi gani, kisha inaiamuru mota ya lenzi izunguke pale inapotakiwa. Ndiyo maana ina kasi. Ni akili kubwa, na watu wamekuwa wakiiboresha tangu Konica walipoanza kuuza kamera ya kwanza ya otofokasi kwa watu wa kawaida mwaka 1977 na Minolta walipokuja na 7000 mwaka 1985.

Lakini picha haipigwi sakafuni. Ukibonyeza mpaka mwisho, vioo vyote viwili vinanyanyuka na mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa kubwa ya nyuma. Yaani kipimo kinafanyika chumba kimoja na kazi inafanyika chumba cha pili, kwa kuaminiana tu kwamba umbali kutoka kwenye lenzi ni sawa kote kuwili. Kile kioo kidogo kikitua vibaya kwa upana wa unywele, kuaminiana kumevunjika, na hakuna atakayekuambia. Doti itawaka, mlio utasema pii, kamera ina uhakika kabisa. Picha itatoka na sikio.

Ukiacha kidirisha ukatumia skrini ya nyuma, vioo vinanyanyuliwa tangu mwanzo na fokasi inatafutwa kwenye sensa ileile itakayopiga picha. Kwenye bodi kama yangu ni taratibu kama mzee anayepanda ngazi, lakini chumba ni kimoja. Kamera za sasa zisizo na kioo zote zinafanya hivyo, kwa kasi, na ugonjwa huu nitakaouelezea haziujui. Najua mtasema ninunue hiyo. Nichangieni.

Kwa hiyo jaribio linajileta lenyewe: piga kitu kilekile kwa kidirisha, kisha kwa skrini, ulinganishe. Nilihitaji kipimo kirefu kilichoandikwa namba. Nyumbani nilikuwa na rula ya mtoto ya sentimita 30 iliyovunjika pembe. Kesho yake nikarudi Majengo kuomba futi. Mama akanivulia ile ya njano iliyokuwa shingoni mwake, iliyochakaa mpaka namba za mwanzo zinafutika. "Irudi," akasema, kwa sauti ambayo nadhani wanawe wanaifahamu.

Niliibandika kwa selotepu juu ya ubao, nikauinamisha ubao nyuzi 45. Kama huna cha kupimia nyuzi, kunja karatasi ya mraba kona kwa kona, umepata 45. Pembeni ya futi, kwenye sentimita 30, nikasimamisha kiberiti, uso wake ukiitazama kamera, na nikaweka alama ya kalamu kwenye namba hiyo ili kikianguka nikirudishe palepale. Kiberiti ni muhimu. Usilenge futi yenyewe, kwa sababu eneo ambalo doti inalipima ni kubwa kuliko kile kiboksi unachokiona, na kwenye kitu kilicholala itashika popote inapotaka. Kiberiti kimesimama, kina maandishi meusi, hakina ubishi.

Barazani, kivulini mwa mwarobaini, saa 3 asubuhi kabla upepo haujaamka. Nilikimbia taa za ukumbini kwa makusudi: rangi ya taa nayo inaweza kuisogeza fokasi ya kamera za kioo, kwa hiyo ukipima chini ya zambarau unapima vitu viwili kwa pamoja. Kamera juu ya stendi, mita moja na nusu, f/1.8, doti ya katikati, saa ya kujipiga ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Kabla ya kila picha nilizungusha lenzi mpaka mwisho wake, mara upande wa mbali mara upande wa karibu, ili kila safari ianze kutafuta upya. Kumi kwa kidirisha. Kumi kwa skrini.

Za skrini, nilipozikuza kwenye kompyuta, ukali ulikaa kwenye 30, 30, 29, 30, 30. Za kidirisha: 37, 36, 37, 38, 37, 37. Kiberiti kinaonekana kimesimama kwenye ukungu, na nyuma yake mistari midogo ya futi iko wazi kama imechapwa jana. Nikaweka alama ya pili ya kalamu kwenye 37, sijui hata kwa nini. Nadhani nilitaka kuigusa.

Sentimita 7 juu ya futi iliyoinama hivyo ni kama sentimita 5 za kwenda nyuma. Sasa hesabu inayoumiza: kwa lenzi ya milimita 50, f/1.8, mita moja na nusu, kwenye sensa ya ukubwa wangu, eneo lote linalotoka kali lina kina cha sentimita 6 hivi. Tatu mbele ya ulipolenga, tatu nyuma. Lisogeze eneo hilo nyuma sentimita 5 na jicho limebaki nje, hereni imeingia. Yule mama alikuwa ameisoma namba hiyo kwa macho, kwenye shavu lake mwenyewe.

Hapa lazima nikiri ujinga wa gharama. Hii haikuwa mara yangu ya kwanza kushuku. Mwezi wa pili wa mahangaiko nilichukua ile lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ya 18 mpaka 55, nikapiga nayo siku nzima, picha zikatoka safi. Nikahitimisha kama hakimu: bodi nzima, lenzi ya 50 mbovu. Nikaiuza kwa bei ya kutupa kwa rafiki yangu mmoja wa Kisasa, tena nikamwambia ukweli kwamba inakosea, nikanunua nyingine. Nyingine nayo ikaenda nyuma. Rafiki yangu naye, wiki mbili baadaye, akanipigia simu kunishukuru. Lenzi tamu, anasema, sijui kwa nini uliiuza.

Nilicheka naye, nikakata simu, na bado sikuelewa. Jibu zima lilikuwa kwenye simu ile: lenzi yangu ikikaa kwenye bodi yake inapiga sawasawa, kwa hiyo mbovu ni nani? Ile lenzi ya kawaida ilikuwa imenidanganya kwa upole. Kwa milimita 55 tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na kwa umbali uleule eneo kali linakuwa na kina cha sentimita 16 hivi. Kosa la sentimita 5 linalala humo ndani bila kukunja miguu. Lilikuwepo siku zote. Ukitaka kujua kama bodi ina kasoro, usiipime kwa lenzi inayosamehe.

Kuna kamera ambazo ukigundua hivi unaingia kwenye menyu na kuirekebisha mwenyewe, hatua 20 mbele au 20 nyuma, kwa kila lenzi. Canon wanaiita AF Microadjustment, Nikon AF Fine-Tune. Kwa kawaida ipo kwenye bodi za daraja la juu, ingawa si sheria: Canon waliiweka kwenye 50D, 60D ikatoka bila nayo, 70D ikaipata tena. Angalia yako kabla hujakata tamaa. Yangu haina. Kwa wiki kadhaa nilifanya kazi kwa f/4, ambapo kina kinafika sentimita 14 na macho yanaingia ndani kwa kubanana, na picha za watu waliotulia nikapiga kwa skrini. Wateja hawakulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nakosa ule ulaini wa nyuma ulionifanya ninunue lenzi hiyo, mara mbili.

Halafu nikapanda treni kwenda Dar, Kariakoo, kwa fundi wa kamera niliyeelekezwa. Mzee wa makamo, lupu, kile kioo cha kukuzia vitu vidogo, ameifunga kichwani kwa mpira wa suruali. Nikampa kamera na simulizi yote, futi, kiberiti, 30 na 37. Alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza bila kunikatisha. Akavua lenzi, akageuza mdomo wa kamera uangalie chini, akapuliza kwa kipulizio cha mpira, akaiinua, akakinyanyua kioo kikubwa kwa kijiti cha plastiki, akainama.

"Unatokea wapi?"

"Dodoma."

"Nimeona."

Akanipa lupu. Pale kioo kidogo kinapotua kuna kijipini cha kukizuia, na kwenye kijipini hicho, upande mmoja, palikuwa na ukoko. Udogo wa mbegu ya ulezi, pengine chini ya hapo. Rangi yake niliijua kabla sijaambiwa, ni ile ya soksi zangu. Vumbi letu jekundu lililochanganyika na mafuta kidogo ya mashine, likakauka, likawa tofali. Kioo kilikuwa kinatua juu ya tofali.

Aliponiuliza nabadilishaje lenzi nilimwonyesha kwa mikono: bodi shingoni, mdomo juu, huku nimegeukia upepo nisikose tukio. Hakusema kitu. Alilisafisha kwa ncha ya kitu kilichofungwa pamba yenye spiriti, akaacha pakauke, akapima kwa karatasi yake ya mistari, akagusa kidogo mahali ambapo sikupaona na asingependa nipaone, akapima tena. Nami sitaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu kioo kile ni chepesi kama ganda la karanga, na najua mtu mmoja atasoma hapa na kuchukua pini.

Siku hizi nabadilisha lenzi ndani ya gari, au nimeupa upepo mgongo, mdomo wa kamera chini, lenzi ya pili imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma na iko tayari mkononi. Agosti, upepo ukivuma, sibadilishi kabisa. Nachagua lenzi asubuhi kama mtu anayechagua viatu.

Nilirudi Majengo Jumamosi. Alikuwa na mteja, nikasubiri mpaka akamaliza kumpima mabega kwa futi mpya ya bluu. Nikamwomba asimame palepale mlangoni, ageuke kidogo, nikapiga moja tu kwa kidirisha, mita moja na nusu, f/1.8. Nikaikuza kwenye skrini mpaka kope zikaonekana moja moja, nikampa kamera.

Aliitazama. Akaniuliza ile futi yake iko wapi.

Nikaitoa mfukoni. Akaikunjua, akaipitisha kati ya vidole kama wanavyofanya, akasimama kwenye 30, akasogea, akasimama kwenye 37.

"Nani ameichora?"

Nikamweleza: hapa ndipo nilipolenga mimi, hapa ndipo ilipolenga kamera. Akarudisha kidole kwenye 30, kisha kwenye 37, akapima nafasi ya katikati kwa macho. Halafu akafungua droo, akatoa salio langu, akalihesabu mbele yangu noti kwa noti, na ya mwisho, elfu moja, akairudisha kwenye droo.

"Ya futi," akasema.